Komeo

Sura ya tisa, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili:
mzee Asaph Pruett, aliyekwisha kuuza uzio,
waya kwanza, kisha nguzo, mojamoja, kwa bei ya kuni,
bado ana lango.
Limesimama pweke katikati ya shamba,
kushoto upepo, kulia upepo,
naye kila asubuhi hulifungua,
hupita,
hugeuka,
hulifunga kwa komeo.

"Lango linaashiria nini?" aliuliza Bi Kvamme,
chaki mkononi, sweta la kijivu limetoboka kiwikoni.
Nje, theluji ya Wisconsin ilikuwa haijaamua
kama inaanguka au inapaa.

Randy Zastrow alisema: kifo. Randy husema kifo kila mara,
hata tukisoma habari za paka, na mara nyingi hupata alama.
Mwingine akasema fahari. Mwingine, mpaka
kati ya mtu na Mungu wake. Chaki ikalia ubaoni.
Delia Decorah, Mho-Chunk pekee darasani,
alingoja hadi vumbi la chaki likatua:
"Ninyi mnaulizana uzio umekwenda wapi.
Mimi nauliza, kabla ya uzio,
nani alikuwa akipita hapo bila kufungua kitu?"
Hakuna aliyeandika.
Kisha wote tukaandika.

Yangu nilikuwa nimeiandika usiku uliotangulia,
mezani jikoni, kwa kalamu inayovuja:
Lango ni lango. Mbao tano, bawaba mbili.
Mwandishi alitaka tu mzee awe na la kufanya.
Ikarudi na wino mwekundu pembeni:
Una uvivu wa macho. Soma tena.

Nilikasirika. Nilikuwa na miaka kumi na saba,
najua bei ya maziwa kwa ratili,
najua kumvuta ndama aliyekwama kwa kamba na sabuni;
anifundishe kuona
mtu anayenunua siagi dukani?

Nikasoma tena, ili nimshinde.
Nikampekua Asaph kama askari apekuavyo mifuko:
hajamtaja mkewe kwa jina tangu sura ya pili;
husema "sisi" akiwa peke yake;
na lango hawezi kuliacha wazi, kana kwamba
ndani kumebaki kitu, chenye kwato, chenye pumzi,
kinachoweza bado kumtoroka.

Hapo kalamu ikasimama.

Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri.
Ngazi ililia chini ya mguu wa baba.
Buti za mpira, moja, halafu ya pili,
mlango wa nyuma, theluji ikivunjika kama biskuti,
kisha redio ya zizini:
mtangazaji yuleyule akisoma bei za mahindi
kwa ng'ombe sitini na wanne
ambao serikali iliwanunua mwezi wa Aprili,
ikawatia chapa ya moto shavuni, ikawapakia malorini,
wakaenda wakichungulia kwenye mianya ya mbao.

Mazoea yana taabu.
Nilitoka, koti juu ya nguo ya kulalia,
nikasimama dirishani pa zizi, kioo kimejaa ukungu.
Alikuwa akifagia sakafu safi.
Alipita nyuma ya kila nafasi, polepole,
mkono ukipapasa hewa
pale ambapo mgongo ungekuwa.

Hilo singeweza kuliandika kwa ajili ya alama.
Niliandika habari za Asaph, kurasa mbili,
na neno "ishara" sikulitumia hata mara moja.
Safari hii Bi Kvamme hakutia wino mwekundu. Alipiga mstari
mwembamba, wa penseli, chini ya neno "pumzi".

Jioni ile baba, akimenya viazi, aliuliza
kitabu chenyewe kinahusu nini.
"Mzee mmoja," nikasema, "na lango lake. Uzio haupo tena."
Alimenya mpaka mwisho, ganda moja refu lisilokatika.
"Na komeo," akasema, "bado linashika?"